Ami Wawili wa Sabiri na Jiko Lisilo na Mlango

Mume wangu Sabiri ni mkulima wa machungwa hapa Maramba, na kwa uongo hajambo. Ilipotangazwa barabara itapita shambani kwetu, majirani walikimbilia kupanda miche ili ihesabiwe kwenye fidia. Yeye akasikia kumbe hata kuhamisha makaburi kunalipiwa. Asubuhi moja nakuta matuta mawili katikati ya michungwa, yamesimikwa vibao.

"Ni ami zangu," ananiambia, jembe mkononi lina udongo mbichi.

Ami gani, jamani? Miaka ishirini na miwili nimeolewa hapa!

Mthamini akaja, kijana mpole anaitwa Luka. Akahesabu michungwa, akapima nyumba, akafika kwenye jiko la mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi.

"Shikamoo, bibi. Jiko halina mlango, thamani itashuka."

Mama akaitikia marahaba, akaendelea kupeta mchele. Na mimi humo ndimo ninamopika, mbuzi wanaingia wanavyotaka, na kila nikidai mlango Mama huniambia, "Achana nao, Saleha."

Kwenye makaburi, Sabiri akaonyesha ami zake. Mama akaonyesha penye mrehani, pamelala tambarare, hata kituta hapana.

"Hapa yupo Nasri, kifungua mimba wangu. Aliishi siku tisa."

Luka akaandika makaburi matatu.

Siku ya kuhamisha alirudi na Shekhe Badru. Shekhe akayatazama matuta ya Sabiri, akatazama kibla, akajikuna ndevu.

"Sabiri, ami zako hawa wameinyooshea kibla nyayo badala ya uso. Aliwazika nani?"

Lo! Bwana mkubwa alikuwa amefuatisha mistari ya michungwa! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Luka hakucheka. Akafuta makaburi yote, matatu. Hapo kicheko kikanikauka, maana hilo la tatu likifutwa, katapila linampitia mtoto. Mama alikuwa ameukumbatia mrehani.

"Mwongo ni mimi," Sabiri akasema. "Futa na michungwa yangu yote ukitaka. Kaka yangu usimfute."

Shekhe akaamua pachimbwe, taratibu. Usawa wa kiuno jembe likagusa ubao wa mvule. Ndicho kiunza, ubao anaofunikiwa maiti. Lakini hiki kilikuwa na bawaba, imeliwa na kutu.

"Kiunza gani chenye bawaba?" Shekhe akashangaa.

"Mlango wa jiko," Mama akasema. "Ilikuwa masika, njia zimekatika, mbao hazipatikani. Baba yake akaung'oa, tukamfunika nao mwanangu. Sikutaka mlango mwingine."

Nilizikumbuka kelele zangu zote za mbuzi, nikaona haya, sikujua pa kuweka uso. Luka akaitoa fomu, akalirudisha kaburi la Nasri. Kisha akafungua ukurasa wa jiko, kalamu ikasita.

"Hapa niandike nini, bibi?"

"Andika mlango upo."