Mtamba kwa Beseni la Nyasi

Waliokuwepo siku ile uwanjani Katesh nawataja wote, asije mtu akasema nasimulia ya kuambiwa. Nilikuwepo mimi, dada mkubwa, niliyeacha shule darasa la tano. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, wa darasa la saba, ambaye siku ile ilikuwa yake. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, kashika gauni langu kwa mkono mmoja na kipande cha muwa kwa mwingine. Alikuwepo mwalimu wake wa sayansi. Alikuwepo bwana shamba wa shamba la ngano, ndiye mkuu wa majaji. Na alikuwepo mama mmoja mzee wa Kibarbaig, mjane, pamoja na mwanawe, waliokuwa wametoka mnadani wakapita kutazama watoto wa shule wanafanya nini. Waliobaki walikuwa watu wa kujaza uwanja. Baba na mama hawakuwepo. Walikuwa nyuma ya nyumba yetu, chini ya misalaba miwili ya mti.

Baba alituteremsha kutoka Tumati, milimani, tukiwa wadogo, mashamba ya babu yalipokuwa hayatoshi tena kugawanywa. Tulijenga ukingoni mwa tambarare, na muda si mrefu ngano ya serikali ikaja mpaka mlangoni. Asubuhi ulifungua dirisha ukaona ngano, na upande wa pili wa ngano, ngano. Walipokufa wazazi, mmoja akimfuata mwenzake, nilichukua kibarua humo humo, kushona magunia wakati wa mavuno. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeachwa na mama na watoto wawili wa kulea. Shule sikuiaga, niliacha tu kwenda.

Jioni moja mwalimu wa sayansi alikuja nyumbani. Nilimpa kigoda nikamsalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mzazi yupo?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama, akatazama kanga yangu iliyojaa makapi ya ngano, akacheka kidogo. "Haya, mzazi, sikiliza. Shamba la ngano limetoa ahadi. Atakayeshinda mashindano ya sayansi ya wilaya, akiwa msichana wanampeleka shule ya bweni ya wasichana. Miaka yote minne. Sare, godoro, kila kitu juu yao."

"Na asiyeshinda?"

"Asiyeshinda atangoja majibu ya mtihani kama wenzake."

Tangu shule yetu ijengwe, wasichana walikuwa wakingoja majibu hayo, na yakishafika wanaolewa. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kuni mikononi, hajazitua. Asubuhi aliniambia, "Dada, nimepata kitu cha kuwaonyesha."

Kitu chenyewe tulikiona kila masika. Mvua ikinyesha, maji yaliyotoka kwenye shamba la ngano yalikuwa mazito kama uji, na kila mwaka korongo lilisogea hatua chache kuja kwetu. Baba alikuwa akisimama ukingoni anatikisa kichwa. Kule milimani, alisema, ukiacha maji yatoke kwako na udongo, jirani anakuja kukuuliza una ugonjwa gani. Kwetu huko watu huacha ukanda wa majani kati ya shamba na shamba ili maji yatembee polepole. Majani ya ukingo ule si ya mtu mmoja. Tuta la jirani likibomoka, unakata pande la majani na mizizi yake ukingoni ukaziba, wala huombi ruhusa. Kuomba ruhusa ni kumtukana mwenzako, kana kwamba angekunyima.

Basi mdogo wangu alipasua debe la mafuta, akapata trei mbili. Kwenye moja ataweka udongo uliolimwa, kwenye nyingine pande la majani yenye mizizi. Atazilaza mshazari, atamwagia maji kwa kopo lenye matundu, na kila trei itatiririsha kwenye chupa yake. Mwalimu alipenda sana. Alimwambia neno moja ambalo mtoto alilishika kama amri ya kanisani: "Sayansi ni kusema ukweli wa ulikotoa kitu. Ukiulizwa, usifiche hata kijiko."

Shida ilikuwa majani. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila mahali, na palipobaki nyasi ng'ombe walikuwa wamezing'oa. Ila yeye alikuwa ameona tuta moja kwenye kona ya shamba la ngano, pale matrekta yanapogeuzia, chini ya mgunga uliosimama peke yake. Lilikuwa refu, jembamba, limesimama wima pande zote mbili kama mkate uliokatwa kingo, na juu yake majani marefu mazima. Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Tuliliona tukalitambua mara moja: ukingo. Hata hawa wenye matrekta, nilimwambia, wapo wanaojua kulima. Nilikata kwa jembe, naye akalipokea lile pande kwenye beseni, mikono chini, asije akalimomonyoa.

Siku ya mashindano Katesh ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo uwanja ulijaa. Meza yetu iliwekwa karibu na wavulana kutoka upande wa Nangwa. Walikuwa wametengeneza kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, kwa waya, magurudumu ya kandambili, na ukiisukuma meno ya mbele yanazunguka. Mmoja akalichungulia beseni letu.

"Nyie mmeleta sayansi au mmeleta chakula cha mbuzi?"

"Tumeleta mvua," mdogo wangu akajibu. "Nyie mmeleta gari lisilo na dereva."

"Dereva yupo kwenu anashona magunia!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Majaji walipofika kwetu, mdogo wangu alianza. Alimwaga maji. Chupa ya kulia ikapokea maji unayoweza kuona kidole ndani yake. Ya kushoto ikajaa tope.

"Hiyo ya kushoto mtie sukari tunywe!" mtu akapaza sauti nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri. Nilimwona mwalimu ameshika mikono yake pamoja kifuani kama mtu anayesali amesimama.

Bwana shamba aliinama akaitazama chupa ya kushoto kwa muda. "Udongo huu umetoa wapi?"

"Shambani kwenu, mzee."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Na majani?"

Angeweza kusema barabarani. Angeweza kusema kwetu. Alinyoosha mgongo akasema kama alivyofundishwa: "Kwenye tuta la kona ya shamba, chini ya mgunga ule wa peke yake, matrekta yanapogeuzia."

Hapo ndipo yule mwana wa mama mzee alipoacha kutafuna kijiti chake. Alimgeukia mama yake akamwambia kwa lugha yao. Mama mzee akauliza kitu. Akajibiwa. Akaja mbele, watu wakimpisha, akalaza fimbo yake juu ya meza, kati ya trei na mdogo wangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana sikujua la kusema.

Hakuitikia. Mwanawe ndiye aliyesema. "Mama anasema huyo mliyemkata ni mume wake."

Wabarbaig, mzee wao mkubwa hawamfukii wakaondoka. Humjengea kilima cha udongo, ukoo wote ukihudhuria, miezi na miezi, kisha majani huachwa yaote juu yake, na hakuna anayeyakata wala kuyalisha. Hilo nililijua, kila mtu wa kwetu alilijua. Tulichokuwa hatujui ni kwamba kilima kile kilikuwa kikubwa na cha mviringo kama vingine. Plau lilikula ubavu mmoja msimu mmoja, ubavu wa pili msimu mwingine, mpaka kikabaki kile kijituta chembamba ambacho sisi watu wa milimani tulikitazama tukaona ukingo wa shamba la baba.

Bwana shamba alivua kofia yake. Aliivua taratibu, watu wote wakaona. "Kaburi ni kitu cha heshima," akasema. "Shamba letu haliwezi kutoa zawadi kwa kazi iliyochimba kaburi la watu."

Nilimsogeza mdogo wetu wa mwisho nyuma yangu nikasema, "Samahani, mzee. Ubavu wa lile kaburi umelimwa na nani?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Binti, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi mwachie mwalimu wake aseme."

Sote tukamgeukia mwalimu. Alikuwa na watoto watano na nyumba ya serikali, na bati la nyumba hiyo lilikuwa limeletwa na lori la shamba la ngano. Alitazama viatu vyake. Majaji wakahamia meza ya pili, bwana shamba akaisukuma kombaini ya waya, meno yakazunguka, akatabasamu kama mtu aliyefika nyumbani. Ikashinda. Sikuwachukia wale wavulana. Kombaini yao ilikuwa nzuri kweli.

Jioni ile tulilirudisha lile pande kaburini. Mama mzee alitangulia, mwanawe nyuma yake, kisha mdogo wangu na beseni kichwani, kisha mimi na mtoto mgongoni. Pande la majani lilikuwa bado na unyevu wa maji ya mashindano. Mdogo wangu alilipachika mahali pake kwa vidole, akaziba mipasuko kwa udongo, na mama mzee hakumsaidia wala kumzuia. Alipomaliza, mwana akatuambia faini: mtamba mmoja, hana kilema, hajapandwa. Na asiwe wa kununua. Azaliwe zizini kwetu, tumboni kwa ng'ombe wetu aliyetunywesha maziwa.

Sikuweza kuvumilia. "Mwulize mama. Sisi tumechukua beseni moja. Trekta limechukua kilima. Mbona trekta halidaiwi?"

Aliulizwa, akajibu kwa maneno mengi, na mwana akayatafsiri akitazama ngano.

"Anasema amekwenda ofisini kwao mpaka mlinzi anamjua. Kila mara anaambiwa trekta ni la serikali. Serikali ataikalisha kikao wapi? Trekta halina ukoo. Wewe una ukoo."

"Baba yetu amekufa."

"Anasema anajua. Alimwona akizikwa. Anasema mtoto wa mtu hudaiwa."

Nikakubali. Watu wa kwetu Tumati waliposikia walisema nimekuwa mjinga, kwamba ningeng'ang'ania utoto na uyatima wangu, kesi ikafa. Lakini nilikuwa nimekata kwa jembe langu. Na kwa siku nzima ile, kati ya wote waliosema nasi, yule mama peke yake ndiye aliyetuhesabu kuwa watu wazima wenye kwao. Uchungu wenyewe ndio huo.

Kabla ya msimu mwingine wa kupanda, matrekta yalipita pale kona. Mgunga uling'olewa kwa mnyororo. Kilima kilichobaki kililimwa, pande letu likiwa ndani yake, limeshaanza kushika mizizi. Ngano ikaota juu, na mwaka ule ilikuwa ya kijani zaidi hapo kuliko kwingine, kila mpita njia aliona. Nilikwenda kwa mama mzee kumwambia. Alikuwa anajua.

"Mwulize," nikamwambia mwanawe, "na deni nalo limelimwa?"

Mama mzee aliponisikia alitikisa kichwa kabla hata hajatafsiriwa.

Majibu ya mtihani yalikuja kama yanavyokuja. Mdogo wangu hakuchaguliwa. Mavuno yaliyofuata alikaa karibu yangu na sindano kubwa ya magunia, na mikono yake ilikuwa ya haraka kuliko yangu. Hakuwahi kunilaumu, wala hakulizungumzia tena lile jambo, isipokuwa mara moja. Ilikuwa masika, korongo lilikuwa limefika kwenye banda la kuku, nasi tumesimama mvuani tukitazama maji yakipita na uzio wetu.

"Dada," akasema, "chupa ya kushoto imejaa."

Kisha akaingia ndani kupika. Aliolewa mwaka uliofuata, huko Singida.

Ng'ombe wa mama alizaa dume. Akazaa tena, dume. Mara ya tatu alizaa mtamba mwekundu mwenye doa kwenye paji, nikampelekea mama mzee habari siku hiyo hiyo, nikamfunga ndama karibu na mlango nimlinde kama yai. Ndigana, homa ya kupe, ikamwua kabla hajaacha kunyonya. Mwana wa mama mzee alikuja, akamgeuza kwa mguu, akamchunguza macho na masikio, akathibitisha kuwa ni kifo cha kweli na si hila. Sikukasirika. Na mimi ningefanya hivyo.

Mama mzee naye alikufa. Hawakupata mahali pa kumjengea. Siku hizi shamba la ngano halina sauti. Kombaini zimesimama bondeni zimeota kutu, na majani yametokeza kwenye matumbo yake, marefu, mazima, hakuna anayeyakata. Wakubwa waliondoka mmoja mmoja kwa magari yao, na sijasikia kikao chochote walichoitwa.

Mwana anakuja bado. Akisikia ng'ombe wetu amezaa, anatoka kwake asubuhi, anasimama mlangoni na fimbo yake. Juzi amekuja.

"Amezaa nini?"

"Dume."

Alikwenda zizini akatazama mwenyewe. Ng'ombe amezeeka, mifupa ya kiuno imechomoza, na sidhani kama tumbo lile lina zaidi ya mara moja tena. Nilimpa maziwa kwenye kibuyu, akanywa amesimama, akafuta mdomo.

"Basi," akasema, "tunangoja."

"Tunangoja," nikamjibu.