Aili Alivyomfundisha Kaija Kuomba Tena

Mke wangu Aili aliendesha basi la shule huku kaskazini mwa Michigan mpaka magoti yake yalipokataa. Watoto wa barabara yetu, na baadaye watoto wao, walimjua kwa jambo moja: hakumwacha mtu. Mtoto asipotokea mlangoni, Aili alipiga honi, akangoja, akapiga tena. Kukiwa bado kimya, alishuka mwenyewe kwenye theluji akagonga dirisha.

"Vaa buti, bwana mkubwa! Hesabu haziji kitandani!"

Mjukuu wetu Kaija tulimlea sisi, maana binti yetu anafanya kazi kwenye meli za madini na huwa hayupo nyumbani kwa miezi. Kaija alitaka kitu kimoja tu: kusomea mambo ya maji na barafu katika chuo kikuu kikubwa cha jimbo, kule kusini. Aliomba mapema, mwezi wa Novemba, na tangu siku hiyo nikawa naliweka jina lake katika sala zangu za asubuhi pamoja na la bibi yake, ambaye saratani ilikuwa imemrudia.

Jibu lilikuja Januari. Kaija alilisoma kwenye simu akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Wameniahirisha," alisema. "Hawajanikubali, hawajanikataa. Wataamua mwisho wa Machi. Wanasema kama bado nina nia, niwaandikie kwa ufupi na niwapelekee alama mpya."

"Basi andika," Aili akasema kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Bibi, ni kukataa kwa adabu huko. Niwafuate tena ili iweje?"

Hata mimi nilielewa hivyo. Sisi wazee wetu walitoka Ufini, na kwetu mtu akikwambia "tutaona", unamshukuru na kuondoka. Ukirudi kumuuliza, unamtia aibu yeye na unajitia aibu wewe. Kaija alikuzwa hivyo. Alivua koti, akaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Siku kadhaa zikapita bila yeye kuandika chochote. Kisha Taimi, jirani yetu, akaja kumjulia hali mgonjwa. Aili akamwagiza Kaija alete kahawa.

"Hapana, dada, nimekunywa nyumbani," Taimi akasema.

"Kidogo tu."

"Msijisumbue jamani. Mgonjwa ndiye wa kuhudumiwa, si mimi."

"Taimi, imeshachemka."

"Haya, nusu kikombe basi."

Akanywa vikombe viwili vilivyojaa, akala na mkate wa iliki mpaka chembe ya mwisho. Alipokwenda zake, Aili alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu.

"Kaija, njoo hapa. Yule mama amekataa mara ngapi?"

"Mara mbili. Lakini Bibi, kila mtu anakataa kahawa mara mbili. Ni desturi."

"Na ungemwacha baada ya ile ya kwanza?"

"Angekwenda kututangaza kanisa zima."

"Sasa hao watu wa chuo hawajakataa hata mara moja. Wamekwambia kabisa wanataka kusikia tena kutoka kwako. Wewe ndiye unayewanyima kahawa!"

Kaija alicheka kwa mara ya kwanza tangu jibu lije. Jioni ile akaandika, kisha akaja kutusomea. Alianza na ugonjwa wa Aili: dawa, safari za hospitali, jinsi anavyomkanda miguu. Kweli tupu, na mimi machozi yalinitoka. Aili alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi natafuta nini humo?" akauliza. "Mimi ndiye ninayeomba chuo?"

"Watakuelewa, Bibi. Watakuonea huruma."

"Sitaki kuwa nauli yako. Toa yote hayo. Waambie umefanya nini tangu Novemba."

"Nimefanya vizuri kiasi."

"Kiasi cha nini? Cha kijiko? Sema!"

Ilikuwa kama kumng'oa jino. Sisi kujisifu hatukufundishwa. Neno kwa neno, Aili aliyatoa mdomoni mwake: alama za fizikia zilizopanda, vipimo vya unene wa barafu ziwani ambavyo yeye na mwalimu wake walivichukua kila wiki, kinanda cha kanisa, alichokishika baada ya mpigaji wetu kuhama. Na mwisho, bila kuzunguka, kwamba wakimchukua atakwenda.

"Hiyo sentensi ya mwisho inanitia haya," Kaija akasema.

"Acha ikutie. Tuma."

Akatuma.

Aili aliaga dunia Februari, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kaija ndiye aliyepiga kinanda kwenye ibada, na hakukosea hata noti moja. Huku kwetu ardhi ya wakati ule huganda, haichimbiki, kwa hiyo jeneza liliwekwa katika nyumba ya mawe ya makaburini, lingoje udongo ulainike. Nilipita hapo mara nyingi nikitoka kanisani. Sikujua niombe nini, kwa hiyo nilimwombea Kaija.

Mwisho wa Machi nilikuwa nasukuma theluji mlangoni niliposikia jina langu likiitwa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

"Babu! Babu, wamenichukua!"

Alitoka na soksi tu miguuni, akanikumbatia, koleo likaanguka. Kisha akaanza kulia, nami nikajua analia kwa ajili ya nani, maana na mimi nilikuwa nimegeuka kutazama dirisha lenye kile kiti.

Tuliingia ndani tukapiga magoti kwenye zulia. Mimi ndiye mkuu wa nyumba, ilinipasa kushukuru. Majira yale ya baridi nilikuwa nimemwomba Mungu mambo mawili, naye alinipa moja. Nilianza, "Baba yetu, tunakushukuru," nikakwama hapo. Halikuja neno lingine.

Kaija akanishika mkono, akangoja kidogo aone kama nitaendelea. Kisha akamalizia yeye, akakitaja chuo, akamtaja bibi yake kwa jina, akasema amina kwa niaba yetu sote wawili.