Kovu Ndani ya Kombe

Makombe manne ya Nkirote yalikaa chini ya kitanda, bado yamegandamana na udongo wa Mbeere. Aliyachimbua kwenye ukingo wa korongo ambao baadaye mvua za Aprili ziliuzoa wote. Nyumbani walijua tu kwamba ni nyumba za kome waliokufa zamani sana. Yeye alijua kuzisoma. Ndani ya kombe hubaki kovu pale msuli wa mnyama uliposhika, na mstari mwembamba pale nyama yake iliposhikamana na ukuta. Mstari ukipinda kuelekea ndani, basi kome huyo alikuwa na mrija wa kuvutia maji, akaishi amejizika topeni. Mistari yake ilipinda.

Daktari Kithaka, mhadhiri wake wa Embu, hakuridhika na picha za simu. Mstari wenyewe ulikuwa hafifu, hauonekani mpaka ulilaze kombe kwenye mwanga wa dirisha. Angekuja kujionea, na akiuona mpindo huo, angeandika barua ya kumpokea Nkirote kwa shahada ya pili.

Siku yenyewe Nkirote alishuka Makutano kumpokea. Nyuma yake alibaki mama yake, Phyllis, mwanamke asiyetia uji kibuyuni kabla ya kukitikisa kwa mchanga na vijiwe mpaka ndani kuteleze. Katika mji wake mgeni hawekewi kitu chenye uchafu.

Walipoingia, makombe yalikuwa mezani juu ya sinia, meupe, yanang'aa.

Daktari alilichukua moja, akaliinamisha dirishani. Akachukua la pili. Alipofika la nne aliuliza kwa upole yalisafishwa kwa kitu gani.

"Mchanga wa mtoni, halafu stilwulu ya kusugulia sufuria," Phyllis alisema, akifurahi kuulizwa. "Yalikuwa na makovu ndani, Daktari. Ningekuonyeshaje vile?"

Nkirote alipitisha kidole gumba ndani ya kombe moja, polepole, ukingo hadi ukingo. Laini tupu.

"Siwezi kuandika nisichokiona," Daktari alimwambia, karibu kwa kunong'ona.

"Najua, Daktari."

Phyllis akawatazama wote wawili. "Kwani nimeharibu?"

Nkirote alilirudisha kombe kwenye sinia.

"Yamependeza, Mama."

Uso wa mama ukafunguka. Akammiminia mgeni uji, akajaza kikombe mpaka ukingoni, kisha akamuuliza masomo ya binti yake yanaanza mwezi gani.