Picha Isiyosema Pole

Kwetu mtu akijikwaa, unamwambia pole kabla hajafika chini. Humjui, hukumsukuma, jiwe si lako, lakini pole inatoka yenyewe. Nilifiwa na baba, kisha na mama, kabla sijamaliza kukua, na hakuna kitu nilichopewa kwa wingi kama neno hilo. Kwa hiyo watoto wa siku hizi wakiniuliza kwa nini bado nakaa kutazama picha za zamani zisizo na sauti, zile ambazo watu wanateleza na kupigwa ngazi kisogoni, najibu kwamba mle ndani hakuna anayesema pole. Wanadhani natania.

Ya kwanza niliiona Bunda. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na tulipanga chumba karibu na uwanja wa mpira. Gari la sinema la serikali lilikuja msimu wa pamba ulipokwisha, likafunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli. Kwanza tulioneshwa namna ya kuchimba choo, halafu namna ya kunyunyiza dawa shambani, na watu wakapiga miayo kwa adabu. Kisha yule fundi, labda kwa kutuonea huruma, akaweka mkanda mwingine. Bwana mmoja mnene amekaa hotelini, mguu umefungwa bandeji nene kama mto wa kulalia, ameuweka juu ya kigoda. Kila anayepita anaukanyaga. Mhudumu kaukanyaga, mama mwenye mbwa kaukanyaga, mbwa naye kaukanyaga. Daktari alipoitwa, akaukalia. Bwana yule alifungua mdomo wote na hakuna sauti iliyotoka.

Uwanjani pale palikuwa na watu wa lugha nyingi, wengine Kiswahili chao hakikutosha kununua chumvi, na wote walicheka mahali pamoja. Mama, ambaye alikuwa na mimba ya mdogo wangu, alimwegemea baba akalia kwa kucheka. Hakuna aliyeuliza yule bwana anaumwa nini.

Baba alikufa kwa kifua, mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Tulirudi Bukima, kwenye mji wa baba mdogo, maana huko ndiko kwao marehemu. Ilikuwa ile miaka ambayo sabuni ilitafutwa kama dawa, na dawa haikutafutwa kwa sababu haikuwepo. Mguu wa mama ukaanza kuvimba, kwanza kifundo, baadaye mpaka gotini. Kule zahanati walimpa vidonge vya maumivu na pole. Alipokwenda tena walimpa pole peke yake.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, kwa kuwa maji hayajichoti na mtu wa kulima hakuwepo. Mdogo wangu alishinda na mama nyumbani. Alipolia njaa, mama alikuwa na dawa yake moja. Alijifunga kitenge kwenye ule mguu mbovu, akakaa kwenye kigoda, akamwita kuku apite. Kuku akipita mama alifungua mdomo wote bila sauti, akajiangusha ubavu, akainuka akazunguka jiko akiburuta mguu na kupepesa macho. Mtoto alicheka mpaka akasahau alichokuwa analilia. Mwisho ilikuwa hata mama akienda chooni kweli, akiburuta mguu kweli, akiuma midomo, mtoto anamfuata nyuma akicheka. Mama alimwacha acheke. Mdogo wangu hakumjua mama mwingine zaidi ya huyo wa mchezo.

Mama akafa.

Hapa lazima nieleze jambo la ukoo wetu. Tuna watani, ukoo wa upande wa Butiama, na msiba kwetu haukamiliki bila wao. Wote wanapolia, mtani anakuja kucheka. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anadai chakula, anamtukana maiti kwamba alikuwa mvivu na mchoyo. Ni wao tu katika msiba wasiotoa pole. Na sheria ni kwamba mfiwa hacheki mpaka udongo urudi kaburini. Akicheka, mtani humshika mkono na kutangaza kwamba amepata mtumwa, na wenye msiba humkomboa kwa jogoo, wakacheka wote na mambo yakaisha. Sheria ya pili haisemwi lakini kila mtu anaijua: katika utani, anayesema alikuwa anatania ndiye aliyeshindwa.

Mtani aliyekuja alikuwa mwanamke mtu mzima, mjane, na sifa yake ilikuwa imefika hadi Musoma mjini. Aliingia uani amevaa gauni la mama. Hakusema kitu. Akaburuta mguu. Alikuwa amemwona mama mara chache tu, lakini aliupata mwendo wote: bega lililoshuka, mkono unaotafuta ukuta, kituo kidogo kabla ya kila hatua kana kwamba mguu unaombwa ruhusa. Waombolezaji waliziba midomo kwa khanga. Mimi niliangalia chini.

Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mapajani mwangu, alinyanyuka akicheka kwa sauti kubwa. Alimkimbilia yule mwanamke, akashika gauni, akaanza kumfuata nyuma kuzunguka jiko la uani, kama alivyozoea. Alidhani mama ameamka.

Yule mtani alisimama, akamshika mkono.

"Huyu kacheka," alisema. "Nimepata mtumwa."

Watu wakamgeukia baba mdogo, maana ndiye aliyetakiwa kutoa jogoo. Baba mdogo alikuwa na watoto wake wengi na ghala lenye panya tu. Alimtazama mtoto, akamtazama mtani, akasema, "Mchukue."

Watu wakacheka. Jibu lilikuwa zuri.

"Nitamchukua kweli, mtumwa wangu wewe. Unanijua."

"Chukua. Anakojoa kitandani. Mtakojoa wote."

Watu wakacheka zaidi. Niliona uso wa yule mwanamke ukisita kidogo. Alikuwa akingoja jogoo, si mtoto. Lakini hakuweza kusema kwamba alikuwa anatania, na baba mdogo hakuweza, na nadhani hakutaka. Wakaendelea kutupiana maneno mpaka kaburi likafunikwa, kila mmoja akimngoja mwenzake alegee. Jioni mtani alifunga virago kurudi kwao. Mtoto aliondoka naye, ameshika lile gauni. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa kwa akili yake alikuwa anaondoka na mama.

Nilimwambia baba mdogo kwamba mchezo umekwisha, sasa apeleke jogoo. Alisema atapeleka mavuno yakiwa mazuri. Shangazi na wazee wa ukoo walinipa pole.

Nilipeleka jogoo mimi. Nilimbeba kwa miguu hadi njia kuu nikapata lori la mahindi. Mtani alinipokea vizuri, akanipa uji, akamshika jogoo akampima uzito, kisha akanirudishia.

"Jogoo ni mzima," alisema. "Lakini si wewe uliyesema mchukue. Aje mwenye mdomo."

Nilimwomba. Niliona kwamba angependa kumtoa, maana mtoto alikuwa mlaji, lakini majirani walikuwa wamekaa pale wakisikiliza, na heshima yake yote duniani ilikuwa ni kutoshindwa katika utani. Mdogo wangu alijificha nyuma yake. Nilipomwita, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

Nilihamia Musoma kwa sababu ya hilo. Nilitaka niwe na chumba changu, ili siku akitoka awe na pa kufikia asirudi kwa baba mdogo. Nilifua nguo za watu Kamunyonge, kisha nikapata sehemu ya kukaangia Nyakato. Kila mwaka nilikwenda Bukima kumwomba baba mdogo, na kila mwaka nilikwenda Butiama kumwomba mtani. Huyu alisema aje yule, yule alisema huyu ana roho mbaya. Nilikuwa kama mpira kati ya watu wawili wanaocheza bila hamu.

Mambo yalilegezwa wakati huo, bidhaa zikaingia. Mitumba ilikuja, redio zikaja, na kiwanda cha samaki kikawa kinapeleka minofu ya sangara Ulaya kwa ndege huku sisi tukikaanga mifupa yake, tuliyoiita mapanki. Mimi nilikaanga mapanki nje ya kibanda cha video. Mle ndani palikuwa na mtafsiri, jamaa aliyekaa karibu na televisheni akieleza kwa Kiswahili picha za ngumi na za kijeshi, akiongeza matusi yake mwenyewe. Alikuwa mlevi. Siku asipofika, mwenye kibanda aliweka kanda moja ya zamani aliyouziwa na mabaharia wa meli ya mizigo, picha tupu zisizo na sauti, kwa kuwa hizo hazikuhitaji mtafsiri.

Siku hizo ndizo nilizouza zaidi. Waliingia mama wauza dagaa, wakaingia wazee waliokuja mjini kutibiwa na wasiojua Kiswahili, wakaingia walevi wakalevuka. Nilikuwa nachungulia mlangoni na mwiko mkononi. Mtu anabeba ngazi, anageuka, ngazi inampiga polisi. Mtu anakaa, kiti hakipo. Nilicheka mpaka mafuta yakaungua. Kando yangu alisimama mwanamume ambaye wiki ile alikuwa amezika mwanawe, na mtaa mzima ulikuwa umempa pole mpaka akawa anapita vichochoroni kuwakwepa watu. Alicheka akikohoa. Yule wa kwenye picha alianguka, akajipangusa, akaenda zake, na dunia haikusimama kumtazama usoni kuona kama anaumia. Nikaelewa kwa nini picha zile hazizeeki. Mtu aliyechoka kuhurumiwa anapumzika mle. Na mtu aliyechoka kuhurumia pia, na hao ndio wengi zaidi.

Kilichomtoa mdogo wangu Butiama hatimaye ni ng'ombe. Binti wa baba mdogo alichumbiwa na watu wenye zizi kubwa, nao kama desturi walituma mjumbe kuuliza habari za nyumba anayotoka mke. Mjumbe aliambiwa kwamba mji ule uliwahi kutoa mtoto wa marehemu kwenye matanga na hawakumkomboa. Akasema ng'ombe hawataletwa mpaka jambo hilo lisafishwe mbele yake. Miaka yote nililia kwa baba mdogo hakusikia. Ng'ombe walipokohoa tu, alikuja mwenyewe chumbani kwangu Nyakato amevaa koti, akanikuta naosha karai.

"Mwanangu," alisema, "twende tukamchukue mtoto wetu."

Tulikwenda watu watatu, yeye, mjumbe na mimi. Mtani alikuwa amezeeka, amekaa kwenye ngozi mlangoni. Baba mdogo alimkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Umechelewa, mtumwa wangu," mtani alisema. "Jogoo wa mwaka ule angekuwa na vitukuu." Akampokea, akamfunga kamba mguuni, akaita ndani.

Alitoka mdogo wangu, msichana mrefu sasa, ambaye miaka yote nilipokuja alijificha mpaka nikawa simfahamu tena. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba siku hizi bibi mtani hatembei, na kwamba kwenye misiba anayekwenda badala yake ni huyu. Hakutuamkia. Alitutazama mmoja mmoja, polepole. Kisha akarudi hadi kwenye lango, akaingia upya.

Aliingia kama baba mdogo. Kifua mbele, mkono nyuma kama umeficha jogoo, jicho moja kwa bibi na jingine kwa mjumbe. Akajikwaa, akajifanya hakujikwaa. Akatoa jogoo asiyekuwepo, jogoo akamdonoa, akatabasamu kwa mjumbe huku anadonolewa. Akahesabu ng'ombe kwa vidole vya ule mkono wa nyuma. Hakutoa neno hata moja. Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Mjumbe, aliyekuja na uso wa hakimu, alishika nguzo ya nyumba ili asidondoke. Baba mdogo alisimama pale pale ametoa meno, kwa sababu mtu hakasirikii mtani, na mbele ya wakwe ndiyo kabisa. Machozi yalimtoka na watu wakadhani ni ya kicheko.

Alipomaliza, msichana aliingia ndani, akatoka na furushi, akasimama upande wangu. Bibi hakumuaga. Alikuwa anamtafutia jogoo maji.

Tulipofika Nyakato nilimwonesha chumba, kitanda chake, mahali pa kuogea. Alisema asante dada, kwa upole, kama mgeni. Kesho yake nilimpeleka kibandani, nikamwomba mwenye kibanda aweke ile kanda, nikijua nitamwona akicheka. Watu walicheka kutuzunguka pande zote. Yeye alitazama ameinamisha kichwa upande, bila hata tabasamu.

"Huyu kaanza kulegea kabla hajateleza," alisema. "Mwenzake yule wa ngazi ndiye anajua."

Tulirudi taratibu. Karibu na nyumbani akaniuliza, "Dada, mama alikuwaga anatembeaje?"

Nilifurahi. Nilikuwa nimeyangoja maswali kama hayo miaka mingi. Nikamwambia kwamba mguu ulikuwa ni ugonjwa wa mwisho tu, kwamba kabla ya hapo, Bunda, mama alitembea wima, haraka, kiasi kwamba baba alikuwa akimwambia ampunguzie mwendo. Alitembea kama watu wengine, nikasema, tena vizuri kuliko wengine.

Alifikiri kidogo.

"Basi huyo simjui," akasema, akainama kuvua viatu mlangoni.