Kula Mbele ya Watu, Nunguni

Nilikuzwa nikiamini kwamba chakula cha njiani kinaua. Si kwa uchafu. Mama yangu hakuwa na habari na vijidudu. Hatari aliyoijua yeye ilikuwa mkono wa mpishi. Kwetu Ukambani mtu huweza kulishwa, yaani kutiliwa kitu ndani ya chakula na mwenye kijicho, kisha akakonda taratibu huku majirani wakikumbuka wote aliokula kwao. Kwa hiyo sisi watoto tulishibishwa kwanza ndipo tukaruhusiwa kwenda sokoni. Hata nilipoajiriwa ualimu upande wa Kitui, mtu mzima na mshahara wangu, nilikuwa bado nabeba chakula changu kwenye kopo lenye kifuniko.

Baba ndiye aliyekuwa kichaa wa familia. Alikuwa fundi wa cherehani, na simaanishi mshonaji: yeye alizitengeneza zilipoharibika. Siku za soko alipanda skuta yake, sanduku la vyuma limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, akazizunguka veranda za washonaji kutoka kwetu Kathonzweni hadi mji wa Wote, na kutoka Wote hadi kule juu kwenye baridi ya Nunguni. Kila aliposimama, alikula. Jioni alitusimulia alichokula, sahani moja baada ya nyingine, huku mama akimwekea mezani ngima, yaani ugali, ambayo hakuihitaji.

Kisha koo lake likaanza kuziba. Ilianza nyama kukwama, ikafuata ngima, mwishowe hata muthokoi, ule wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukipondwa ukawa haupiti. Daktari alimwambia kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, na kwamba umegunduliwa ukiwa umeshakua. Baba alitueleza hayo kwa utulivu, akionyesha kwa kidole mahali penyewe kifuani, kama alivyowaonyesha wateja mahali uzi unapokatikia. Mama alilia. Baba mkubwa, ambaye ni kaka yake baba na ndiye msemaji wa ukoo wetu, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Kule Nunguni, ni nani hukupikia?"

Swali hilo halikuhitaji jibu. Kila mtu alijua kwamba Nunguni baba alikula kwa mjane mmoja aliyeuza supu na muthokoi mbele ya maduka. Mama huyo alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, akaolewa Nunguni, mume akafa. Wakati huo Makueni haijawa wilaya, sisi tulikuwa Machakos, na kwa mtu wa Machakos kusema kwamba fulani ametoka Kitui ni kama kumaliza nusu ya kesi. Wenzetu wanaamini uchawi mkali hutoka kule. Mimi nimefundisha kule, na kikali nilichokiona ni jua, na watoto wanaokuja darasani bila kutia kitu mdomoni. Lakini nani ananisikiliza? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Baba mkubwa alisema atalipeleka jambo hilo kwa wazee wa ukoo. Nilijua maana yake, na baba alijua zaidi. Mwanamke akishatajwa na ukoo, hakuna anayekwenda polisi. Anaamka tu siku moja anakuta paa linawaka.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Siku iliyofuata baba aliniita nje. Aliniita mwaitu, mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mwaitu, kesho soko ya Nunguni. Twende tukakule."

"Wewe huwezi kula, baba."

"Mimi nitakuonyesha. Wewe ndio utakula." Alisimama kuvuta pumzi; hata maneno yalikuwa yanapita kwa shida. "Wewe ni damu yangu, na ni mwalimu. Ukikula kwa huyo mama mbele ya watu wote na urudi hapa mzima, kaka yangu atasema nini?"

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimemaliza chuo, nilikuwa nafundisha watoto somo la afya na mchoro wa tumbo ubaoni, na mwili wangu wote ulikuwa unakataa. Nikasema ndiyo kwa sababu alikuwa ananitazama.

Mama alikamua ng'ombe kabla hakujapambazuka vizuri, akanisimamia mpaka nikamaliza kikombe kizima cha maziwa mabichi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maziwa huzuia sumu. Kisha akaninong'oneza, "Shika mdomoni, ujifanye unatafuna. Usimeze." Nilipanda skuta kwa upande, miguu pamoja, kama wanawake walivyopanda siku hizo, nikamshika baba kiunoni. Chini ya koti hapakuwa na mtu, palikuwa na mbavu tu.

Hatukwenda Nunguni moja kwa moja. Baba alisema mtu hakimbilii supu kabla ya kujua kula. Alinisimamisha kwanza sokoni kwetu, Kathonzweni, hatua chache kutoka mahali nilipozaliwa, kwenye kibanda nilichokipita maisha yangu yote nikigeuza uso. Mama wa pale aliuza ndengu na chapati. Baba aliniagizia, akakaa mbele yangu juu ya debe lililopinduliwa, akaanza kunielekeza kama mwalimu wa udereva.

"Usirarue hiyo chapati hivyo. Ikunje. Sasa chota. Ah, unadonoa kama kuku!"

Niliikunja, nikachota, nikala. Zile ndengu zilikuwa zimekaangwa kwa kitunguu mpaka kitunguu kikayeyuka. Nilimeza, nikasahau kuogopa, nikachota tena. Nilipoinua macho nilikuta baba hatazami sahani wala uso wangu. Alikuwa anatazama koo langu, jinsi kila tonge lilivyoshuka. Nikajisikia vibaya, nikataka kuacha, akanikemea nimalize.

Mjini Wote alinipeleka kwa mama mmoja Mwislamu, ambaye babu yake alitoka pwani na kubaki huku kufanya biashara. Huyo alipika mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi tunazilima sisi wenyewe, nilizila tangu nikiwa na meno, na sikujua zinaweza kuwa vile. Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia mama, nikaukasirikia ukoo mzima uliokaa karibu na utamu ule kizazi baada ya kizazi ukiutemea mate. Baba alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, na yule mama akamletea maji ambayo aliyashika tu mkononi kwa heshima.

Kutoka hapo barabara inapanda. Skuta ilianza kulalamika, na kwenye miinuko mikali nilishuka nikatembea kando yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Baba alikuwa ananisimulia habari za yule mjane kwa sauti iliyokwaruza: kwamba hachanganyi kichwa cha mbuzi cha jana na cha leo, kwamba siku mvua ilipokatiza njia alimlaza baba na mashine zake jikoni kwake na kwenda kulala kwa jirani, ili watu wasiseme. Wakasema tu.

Nunguni palikuwa pamejaa. Kwenye veranda ndefu washonaji walikuwa wamekaa mstari mmoja, miguu ikikanyaga cherehani ambazo karibu zote baba aliwahi kuzifungua. Mwisho wa veranda, chini ya bati, ndipo palipokuwa na sufuria ya mjane. Alikuwa mwanamke mfupi, sweta limefungwa vifungo vibaya. Alipomwona baba alisimama, na alipokiona kiuno cha suruali yake kilivyokusanywa kwa mshipi akajishika mdomo. Habari ya kushukiwa kwake ilikuwa imemfikia. Nilijua kwa jinsi alivyoniangalia, jinsi mtu anavyomwangalia aliyeleta samansi.

"Huyu ndiye mtoto wangu," baba alisema kwa sauti, ili veranda yote isikie. "Amekuja kukula."

Desturi yetu ni kwamba anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza, mbele yako, ujue hakuna kitu. Kwa kawaida ni kugusisha midomo tu. Yule mama alinichotea supu kwenye kikombe cha bati, akakiinua kwa mikono miwili, akanywa karibu nusu, supu ya moto, machozi yakamtoka. Akajaza tena, akanipa.

Cherehani zilikuwa zimepunguza mwendo. Nilikishika kile kikombe nikasikia sauti ya mama yangu ikiniambia nijifanye. Ningeweza, kwa sababu supu ni rahisi kuficha. Lakini baba alikuwa amesimama pale akiegemea nguzo, na macho yake yalikuwa tena kooni mwangu. Nikameza. Supu ilikuwa na pilipili, na ladha ya moshi, na majani fulani machungu ambayo sijawahi kuyaonja penginepo. Nikaimaliza. Nikaomba muthokoi, nikala. Nikaomba supu tena, na safari hii sikuomba kwa ajili ya kesi ya mtu.

"Kwani kwenu hamkuli?" mshonaji mmoja akauliza, na wenzake wakacheka. Kicheko kile kilikuwa kizuri kuliko hukumu yoyote. Mshonaji huyo akainuka, akasema na yeye apewe bakuli moja. Mwingine akafuata. Yule mama alikuwa anachota haraka, uso umemfunguka, anatania kwamba leo mwalimu atamfilisi. Niliona kwa macho yangu mtu akirudishiwa maisha.

Hapo ndipo baba alipofurahi kupita kiasi.

"Nipatie kidogo," akasema.

"Hapana, fundi. Wewe tulia. Umekuja, inatosha."

"Nitatokaje kwako bila kuonja, mama? Watasema nini? Watasema nimekuogopa."

Hilo lilimshinda. Aliipoza supu, akaichuja kwenye kitambaa safi, akaonja, akampa. Mimi nilisema, "Baba, acha," lakini alikuwa ameshapeleka mdomoni. Funda la kwanza lilishuka. Sote tuliliona likishuka. Akatabasamu, akakiinua kikombe kuwaonyesha washonaji, akanywa la pili, kubwa, la mtu mwenye njaa ya miezi.

Lile halikushuka. Alijikunja, mkono kifuani, mahali pale pale alipotuonyesha nyumbani. Supu ikamrudia kwa pua na mdomo, na nyuma yake ikaja damu, juu ya saruji ya veranda, mbele ya soko zima. Nilimshika. Yule mama alimshika upande wa pili, akiita jina la Mungu. Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Mshonaji aliyekuwa wa kwanza kuomba bakuli aliliweka chini bila kulimaliza, polepole, akalisukuma kwa mguu.

Tulirudi kwa pikapu ya kabichi, skuta imelazwa juu ya magunia. Tulifika mji wa Wote. Hapo baba akasema, "Nimemuua huyo mama." Nikamwambia hapana, ni ugonjwa, kila mtu atajua ni ugonjwa. Yeye ndiye aliyekuwa na akili kati yetu wawili.

Alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa, nami niliomba kusema, jambo ambalo msichana hakuwa na haki ya kuliomba. Niliwaeleza alichosema daktari. Niliwaeleza kwamba nilikula kutoka sufuria ile ile, nikanywa vikombe viwili, na mwenye sufuria alikunywa kwanza, na washonaji walikunywa. Nikawauliza, kama kulikuwa na sumu, mbona mimi nimesimama hapa?

Baba mkubwa hakukasirika. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto.

"Wewe hukulengwa, mwanangu. Aliyelengwa ni yeye, na soko yote iliona."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, si kwa msiba. Siku zile hasira ilinijaa hata msiba ukakosa nafasi.

Paa la yule mama halikuchomwa; nadhani kwa sababu alimfuata mapema chifu wa pale. Kilichotokea kilikuwa cha kimya zaidi. Watu waliacha kula kwake. Wenye maduka wakamwambia aondoe sufuria kwenye veranda.

Likizo ya Desemba nilipanda basi mpaka Nunguni, peke yangu. Nilimkuta nyuma ya soko, karibu na mahali pa kuchinjia, amekaa kando ya moto mdogo. Nilifikiri nitakaa kwenye benchi lake, nile mbele ya watu, kila likizo ikibidi, miaka hata mitano, mpaka waone aibu. Nilikuwa nimepanga hivyo tangu Kitui. Nikamwamkia, nikakaa, nikaomba supu.

Alichukua kifuniko akafunika sufuria.

"Siwezi kukupa," akasema.

"Mama, mimi siogopi. Nimekuja watu wanione."

"Najua. Ndio maana siwezi." Hakuwa na ukali wowote. "Mtu mwingine nitampa, akija. Lakini wewe ukule hapa leo, halafu kesho ushikwe tu na malaria, ama uanguke kwa basi, unajua watakuja wapi? Wewe ni mtoto yake. Wewe ndiye hata maji siwezi kukupa."

Aliangaza huku na huku kuona kama kuna mtu aliyetuona tukizungumza. Kisha akaniomba, kwa adabu kabisa, nisimame mbali kidogo na sufuria.