Kwasa, Penseli na Nguzo za Baba

Mwaka tulioambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, nilikuwa nyumbani Issuna kwa likizo ya miezi mitatu. Nilikuwa nasoma ng'ambo, na profesa wangu alinipa kazi ya kwenda nayo: bunda la karatasi zilizojaa namba. Chombo kilichorushwa angani kilikuwa kimehesabu eksirei zinazotoka kwenye kwasa moja. Kwasa ukiitazama utadhani ni nyota hafifu, kumbe iko mbali kupita nyota zote tunazoziona, na inawaka kupita zote. Nilitakiwa nizipange eksirei hizo kwa kadiri ya nguvu zake, niondoe zile za ovyo zinazotoka kila upande wa anga, kisha nichore mstari. Mstari huo ndio spektra. Yote kwa penseli.

Kila asubuhi tulibomoa sehemu ya tembe letu, nyumba yetu ya paa la udongo. Nguzo zake baba alizikata mwenyewe alipooa, akakataa kuziacha. Mama na mimi tulizibeba kichwani, mwendo wa saa nzima hadi kwenye kiwanja kipya. Mchana wazazi walipojinyoosha kupumzika, mimi nilikaa juu ya gunia na kufungua bunda langu. Shingo iliniuma, vidole vilikuwa na vibanzi, na namba zilikuwa zinacheza machoni.

Siku moja baba alikuja akaketi karibu.

"Mwanangu, unapima nini kila siku?"

"Eksirei, baba."

Eksirei alizijua. Alishawahi kupigwa picha ya kifua hospitali ya misheni, Kilimatinde.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, baba. Zinatoka mbinguni, kwenye kitu kilicho mbali sana."

Alikohoa, akafikiri. "Na ukishazipima, unajua nini?"

"Najua kama kuna moshi au hewa inayozizuia njiani. Na joto la huko."

"Haya," alisema, akainuka taratibu akishika kiuno. "Kesho tunatoa boriti kubwa. Ulale mapema."

Wiki ya tano nikagundua kosa. Tangu karatasi ya sita nilikuwa nikiruka mstari mmoja wa namba, kwa hiyo kila namba niliyoiondoa ilikuwa ya mstari wa jirani. Nilizitazama zile karatasi muda mrefu. Mama aliniuliza kwa Kinyaturu kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana, ni kazi tu, inabidi niianze upya.

Nikaianza upya, ndani ya kuta mpya zisizo na paa, kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Safari hii mstari ulitoka: ulishuka moja kwa moja kutoka eksirei dhaifu hadi zenye nguvu, bila shimo wala kilima. Niliutuma kwa posta kutoka Singida mjini.

Jibu lilifika siku chache kabla sijaondoka. Profesa alinishukuru. Kazi ilikuwa safi, aliandika, ila eksirei zilizohesabiwa ni chache mno, hatuwezi kusema lolote juu ya kwasa ile. Tungoje chombo kingine.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilikunja barua, nikaitia kwenye sanduku, nikatoka nje. Baba alikuwa juu ya boriti, mama anakanyaga udongo wa kuezekea.

"Lete maji," mama alisema bila kuinua uso.

Nikachukua ndoo.