Sanduku la Kupindua Sauti

Mwaka niliopunguzwa kazi kwenye mitambo ya simu, nilipanga chumba cha mbele pale Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, nikaanza kutengeneza redio. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia Mwanza, nzito kama tofali, na wenye nazo walijulikana mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja mjane, mnunuzi wa sangara, mwenye boti zilizokusanya samaki visiwani kwa ajili ya viwanda. Alikuwa na simu mbili. Moja alitembea nayo mwenyewe, nyingine alikuwa nayo mdogo wake wa kiume, aliyesimamia boti upande wa Kigongo.

Siku moja mteja mpole, mwenye shati lililonyooshwa vizuri, aliniletea redio ya kunasa mawimbi, aina niliyozoea kuiona kazini tu. Niliitengeneza kwa siku mbili. Nilipoijaribu mbele yake ikanasa sauti ya yule mama, wazi kabisa, akimgombeza mdogo wake kuhusu barafu. Simu za wakati ule zilirusha maneno hewani vilevile yalivyotamkwa. Tulicheka, mimi na mteja wangu. Akanishukuru, akaondoka. Sikumuuliza anaitumia kwa kazi gani.

Wiki tatu baadaye, mdogo wa yule mama aliuawa. Alikuwa na dereva wake wakipeleka mashine mbili mpya za boti kwenye kambi ya wavuvi, asubuhi, jua limeshatoka. Boti ya majambazi iliwabana karibu na miamba. Walimkata mapanga kichwani na mabegani, wakamtupa majini angali hai, na kila alipoibuka walimpiga kwa kasia. Dereva wake alijirusha, akaogelea hadi ufukweni huku mkono mmoja ukining'inia. Ndiye aliyesema kwamba jambazi mmoja aliwaambia, "Dada yako kasema mko wawili tu. Sasa mnabishana nini?"

Ndugu wa marehemu hawakumwamini. Nani mwingine angejua maneno ya dada mtu? Walimburuta hadi Mwaloni wakampiga kwa nondo na mikanda juu ya magamba ya samaki, na ule mkono uliokatwa wakaukanyaga. Nilikuwa kwenye duara la watazamaji. Nilielewa mara tu niliposikia yale maneno ya jambazi yakirudiwa, lakini mdomo wangu ulichelewa kufunguka, na katika kuchelewa huko walimvunja taya.

Nilijipenyeza hadi mbele, nikampigia magoti yule mama.

"Shikamoo, mama. Siyo yeye. Wanasikiliza simu yako kwa redio. Niliitengeneza mimi."

Nilipomaliza kumweleza alinizaba kofi, akarudia la pili, ndipo akawageukia ndugu zake: "Mwacheni. Mpelekeni hospitali." Kisha akaniambia mimi, "Uliwazibua masikio. Sasa yazibe. Ukishindwa utanijua."

Polisi nilikwenda pia, wakaandika maelezo yangu. Jina la yule mteja sikulijua, na wao hawakulijua.

Nilifanya kazi zaidi ya mwezi. Wazo lenyewe nilikuwa nimelisikia kazini: unaipindua sauti kabla haijaingia kwenye simu, ya juu iwe ya chini na ya chini iwe ya juu, na upande wa pili sanduku jingine linairudisha kama ilivyokuwa. Sanduku la kwanza liliungua. La pili lilitoa mluzi mtupu. Tena kupindua peke yake hakukutosha, maana fundi mwingine angeweza kupindua upya. Kwa hiyo niliweka swichi ya kuzungusha yenye hatua kumi na mbili, kila hatua ikivuruga sauti kwa namna yake. Hatua ya kila siku walipatana wenyewe, uso kwa uso, yule mama na mjane wa mdogo wake, aliyeichukua ile simu ya Kigongo.

"Mimi msiniambie," niliwasihi. "Nisichokijua hakiwezi kunitoka."

Siku walipojaribu, nilisikiliza hewani kwa redio yangu. Nilisikia kitu kama bata waliobanwa ndani ya tenga. Lakini kwenye sanduku la mama sauti ilitoka ya binadamu: "Wifi, nakusikia." Halafu wifi yake akaanza kulia, na mama akalia naye.

Wiki mbili hazikupita. Saa sita mchana mteja wangu aliingia na wenzake wawili, akafunga mlango.

"Fundi, mbona watu siku hizi wanaongea kama bata?"

Mmoja alinibana mkono wa kushoto juu ya meza. Mwingine akachukua nyundo yangu.

"Hatua ya leo ni ipi?"

"Sijui."

Nyundo ilishuka kwenye kidole gumba.

"Haki ya Mungu, sijui!"

Nilisema kweli tupu, na kila nilipoisema walivunja kidole kingine. Baadaye wakachukua chuma cha kulehemu, kilikuwa bado kinawaka moto, wakakibandika shingoni mwangu. Ningeijua hiyo hatua ningeisema. Hilo silifichi.

Kelele zangu ziliwafikia kina mama waliokuwa wakianika dagaa nyuma ya nyumba. Wakapiga yowe, "Majambazi!" na Mwaloni nzima ikamiminika na mawe, mbao na makasia. Wawili waliruka ukuta wakatoweka. Yule mteja mpole aliteleza mtaroni, wakamzingira. Akaniona mlangoni.

"Fundi, waambie! Waambie mimi ni mteja wako!"

Watu wakanigeukia. Mchukuzi mmoja akauliza, "Unamfahamu?"

Ningeweza kusema tumpeleke polisi. Nilikuwa nimeushika mkono wangu kifuani, damu imeniloanisha hadi kiunoni.

"Ndiye aliyemuua mdogo wake mama mwenye boti," nikasema.

Jiwe la kwanza lilimpiga mdomoni. Sikuingia ndani. Nilitazama mpaka akaacha kujikinga, na hata alipoacha hawakuacha wao. Polisi walipofika, uso haukuwepo.

Vidole vyangu vitatu havikukunjika tena. Dereva alirudi ziwani na taya lililopinda, na tukikutana alivuka barabara. Masanduku yalifanya kazi bila mtu mwingine kuelewa yaliyosemwa mpaka zilipokuja simu mpya, zilizoficha sauti zenyewe.

Lakini kabla ya hapo, siku chache baada ya mauaji ya mtaroni, mama mmoja mzee alikuja dukani kutoka kijiji cha upande wa Bujora. Alikuwa mama yake yule mteja. Nilimwamkia, nikampa kiti.

"Wanasema ulikuwepo," alisema. "Mwanangu alisema nini mwishoni?"

"Aliniita mimi."

"Ukaenda?"

Aliutazama mkono wangu uliofungwa bandeji, kisha akajifunga kanga yake vizuri, akanyanyuka, akaenda kuchukua maiti.